Ukiambiwa matibabu ya mawe ya figo yanafaulu kwa asilimia 83, uliza: mawe ya ukubwa gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linalohusu mawe ya figo, hasa namna takwimu za matibabu yake zinavyoandikwa magazetini na kwenye mabango ya hospitali. Ikiletwa mashine mpya, habari huwa ni ileile: inaponya kwa asilimia kadhaa, haina kisu, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Asilimia hiyo ikishachapishwa inawakaa watu kichwani. Mgonjwa anaingia kwa daktari akiwa ameshachagua, na mwenye jiwe la sentimita 3 anadai matibabu yaliyompa nafuu jirani yake mwenye jiwe la milimita 7. Asilimia isiyotaja ukubwa wa jiwe, mahali lilipokaa na kipimo kilichothibitisha kwamba limetoka haimsaidii mgonjwa kuamua chochote.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa London. Mwaka 1986 madaktari wanne, Charig na wenzake, walichapisha katika British Medical Journal matokeo ya wagonjwa 1,052 wa mawe ya figo. Wagonjwa 350 walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa wazi, yaani ubavu unapasuliwa, figo inafunguliwa na jiwe linatolewa kwa mkono. Wengine 350 walitobolewa tundu mgongoni, kamera ikapitishwa hadi ndani ya figo, jiwe likavunjwa na kutolewa vipandevipande. Wengine 328 walivunjiwa mawe kwa mashine ya mawimbi, bila kutobolewa popote. Waliobaki 24 walipata tundu na mawimbi kwa pamoja. Mgonjwa alihesabiwa amefaulu kama baada ya miezi 3 hakuwa na jiwe, au alibaki na chembe zisizofika milimita 2.

Upasuaji wa wazi ulifaulu kwa wagonjwa 273 kati ya 350, sawa na asilimia 78. Tundu la mgongoni lilifaulu kwa 289 kati ya 350, asilimia 83. Ukiishia hapo, tundu limeshinda na mjadala umekwisha.

Sasa naomba msomaji achukue kalamu, tuwagawe wagonjwa haohao kwa ukubwa wa mawe. Tuanze na wenye mawe yasiyofika sentimita 2. Upasuaji wa wazi ulifaulu kwa 81 kati ya 87, asilimia 93. Tundu lilifaulu kwa 234 kati ya 270, asilimia 87. Kwa mawe madogo, basi, upasuaji wa wazi ndio uliosafisha zaidi. Twende kwenye mawe makubwa. Wazi: 192 kati ya 263, asilimia 73. Tundu: 55 kati ya 80, asilimia 69. Hapo pia wazi uko mbele. Njia iliyoongoza kwa madogo na kwa makubwa imeshindwa tulipojumlisha, na hakuna kosa la hesabu popote. Jumlisha 81 na 192 utapata 273; jumlisha 234 na 55 utapata 289.

Siri iko kwenye 87 na 270. Katika wagonjwa 350 wa upasuaji wa wazi, 263 walikuwa na mawe makubwa. Katika 350 wa tundu, wenye mawe makubwa walikuwa 80 tu. Njia moja ilibebeshwa mizigo mizito, nyingine ikapewa myepesi, kisha zikapimwa kwa mizani moja. Hapa kwetu jambo hili linajulikana kwa sura nyingine. Hospitali ya rufaa hufiwa na wajawazito wengi kuliko zahanati, na hakuna mwenye akili timamu anayesema wakunga wa zahanati ni hodari kuliko wa rufaa. Wajawazito wenye shida kubwa hupelekwa rufaa.

Unaweza hata kuzisahihisha asilimia hizo mwenyewe. Wagonjwa wote 700 wa njia hizo mbili ni 357 wenye mawe madogo na 343 wenye makubwa. Chukulia wote 700 wangepita njia ya wazi, kwa viwango vilevile vya 81 kati ya 87 kwa madogo na 192 kati ya 263 kwa makubwa: wangefaulu kama 583, yaani asilimia 83. Chukulia wote wangepita njia ya tundu, kwa viwango vyake: kama 545, yaani asilimia 78. Namba ni zilezile mbili, 83 na 78, ila zimebadilishana viti.

Asitoke mtu hapa akidhani ninapigia debe kisu cha ubavuni. Kilichopimwa ni kusafishika kwa figo peke yake. Kovu refu, maumivu na majuma ya kukaa bila kazi havikuwa ndani ya hizo asilimia. Isitoshe, wagonjwa wa upasuaji wa wazi walitibiwa kati ya 1972 na 1980, na wa tundu kati ya 1980 na 1985, wakati njia hiyo ilikuwa changa. Tundu la kwanza la kutolea jiwe lilielezwa na Fernström na Johansson wa Sweden mwaka 1976, kwa hiyo mikono iliyopimwa London ilikuwa bado inajifunza. Leo upasuaji wa wazi unafanywa mara chache sana, na sababu zipo. Ninachosema ni kwamba ile 83 dhidi ya 78, peke yake, haikuwa ushahidi wa kumshauri mgonjwa yeyote.

Mashine ya mawimbi katika ripoti hiyohiyo ilipata 301 kati ya 328, asilimia 92. Ilikuwa teknolojia mpya. Mgonjwa wa kwanza duniani alitibiwa Munich, Ujerumani, Februari 1980. Asilimia 92 bila tone la damu! Haishangazi kwamba dunia iliikimbilia. Lakini miaka 15 baada ya ripoti hiyo ya London, mwaka 2001, ulitoka Amerika ya Kaskazini utafiti uliopangwa kwa njia ya haki zaidi. Wagonjwa 128 wenye mawe kwenye vikombe vya chini vya figo, yasiyozidi milimita 30, waligawanywa kwa kura: huyu mawimbi, huyu tundu. Kura ndiyo inayozuia daktari kupeleka mawe mepesi upande anaoupenda, hata bila kukusudia. Baada ya miezi 3, waliopata tundu walikuwa hawana mawe kwa asilimia 95. Waliopata mawimbi, asilimia 37.

Kutoka 92 hadi 37 ni poromoko kubwa, na sehemu kubwa ya maelezo yake ni mahali jiwe lilipokaa. Figo ina vikombe vinavyopokea mkojo na kuumwaga kwenye mfuko wa katikati, kisha mkojo unashuka kwa mrija hadi kibofuni. Jiwe la kikombe cha juu likivunjwa, vipande vinateremka vyenyewe. Jiwe la kikombe cha chini likivunjwa, vipande vinatakiwa kupanda mlima kwanza kabla ya kupata mlango. Shingo ya kikombe ikiwa nyembamba au imekunjwa kwa pembe kali, vipande hukaa palepale na baada ya muda hushikana tena. Mashine imefanya kazi yake na picha inaonyesha jiwe limepasuka, lakini mgonjwa bado ana mawe. Ndiyo maana, kwa jiwe la kikombe cha chini linalozidi milimita 10, daktari makini hafikirii mawimbi kwanza.

Ukubwa nao hausomwi kama tunavyosoma urefu wa ubao. Jiwe la milimita 20 lina ujazo mara 8 wa jiwe la milimita 10. Kwa hiyo anayesema leza yake, yaani mwali wa mwanga unaovunja jiwe kupitia kamera, ilimaliza jiwe la milimita 10 kwa nusu saa hawezi kuahidi la milimita 20 kwa saa moja. Kadiri kazi inavyorefuka, maji ya kusafishia yanaendelea kusukumwa ndani ya figo, presha inapanda, na bakteria waliojificha ndani ya jiwe wanasukumwa kwenye damu. Kwa mawe yanayozidi sentimita 2, miongozo ya Ulaya na ya Marekani inaweka tundu la mgongoni mbele ya njia nyingine.

Lakini na tundu lenyewe halifanani kila mahali. Mgonjwa anapewa nusu kaputi, mpira mwembamba unapitishwa kutoka kibofuni hadi kwenye figo, na dawa ya rangi inasukumwa ili vikombe vionekane kwenye eksirei. Sindano inachomwa kutoka mgongoni hadi kwenye kikombe kilichochaguliwa, waya unapita ndani yake, na juu ya waya njia inapanuliwa hatua kwa hatua. Hatari kubwa iko kwenye ile sindano ya kwanza. Ikiingia katikati ya kichwa cha kikombe, inapita mahali penye mishipa midogo. Ikiingia ubavuni mwa shingo ya kikombe, inapita karibu na mishipa mikubwa ya damu, na mgonjwa anaweza kuvuja damu palepale au hata wiki moja baadaye akiwa nyumbani. Ikichomwa juu ya ubavu wa 12 kutafuta kikombe cha juu, inaweza kugusa utando wa mapafu, maji yakajaa kifuani. Upana wa njia nao una uzito wake. Namba 30 kwenye mabomba ya njia hiyo ni upana wa milimita 10, namba 18 ni milimita 6. Njia nyembamba huwa na damu kidogo zaidi, ila kutoa jiwe kubwa kupitia humo kunachukua muda mrefu.

Rejista ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2011, yenye wagonjwa 5,803 kutoka vituo 96, inasaidia kuweka miguu ardhini: kwa wote waliotobolewa, figo ilibaki safi kwa karibu asilimia 76, na waliohitaji kuongezewa damu walikuwa karibu 6 katika kila 100. Vituo vilivyokubali kuhesabu kila mgonjwa havikupata ile asilimia 95 ya utafiti wa 2001.

Mashine ya mawimbi pia inategemea anayeiendesha kuliko watu wanavyodhani. Mapigo 60 kwa dakika yanavunja jiwe vizuri kuliko 120, kwa sababu kila pigo linaacha viputo vidogo kuzunguka jiwe, na pigo linalofuata likija haraka linaishia kwenye viputo badala ya kufika kwenye jiwe. Mapigo 3,000 kwa mwendo wa 60 yanachukua dakika 50. Kwa mwendo wa 120, dakika 25. Kituo chenye foleni ndefu kina kishawishi cha kukimbia. Hata jeli inayopakwa kati ya mto wa mashine na ngozi ina kazi: hewa ikinaswa humo, kama inavyonaswa jeli ikipakwa kwa mkono huku na huku badala ya kumiminwa kwa wingi mahali pamoja, nguvu ya mawimbi inaishia juu ya ngozi. Mgonjwa mnene, ambaye kutoka ngozi hadi jiwe ni zaidi ya sentimita 10, anapata faida ndogo. Vilevile jiwe gumu sana, ambalo ugumu wake unasomeka kwenye kipimo cha CT (eksirei ya kompyuta inayopiga mwili vipandevipande) kabla ya matibabu.

Hapo nafika kwenye neno lenyewe, “kufaulu”. Kituo kimoja kinaita mafanikio pale jiwe linapovunjika. Kingine, pale vipande vinapokuwa chini ya milimita 4. Cha tatu, pale ambapo hakuna kilichobaki kabisa. Halafu kuna kipimo. Eksirei ya kawaida haionyeshi mawe ya tindikali ya yuriki. Mgonjwa anaweza kuambiwa figo ni safi huku jiwe liko vilevile. Ultrasaundi haioni vizuri sehemu ya katikati ya mrija wa mkojo, mahali ambapo vipande hupenda kukwama. CT inaona karibu kila kitu, kwa hiyo kituo kinachopima kwa CT kitaonekana kina matokeo mabaya kuliko jirani anayepima kwa eksirei, hata kama kazi yake ni bora. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waligawa kwa kura wagonjwa wenye mawe ya kikombe cha chini yasiyozidi sentimita 1, wengine mawimbi, wengine kamera laini inayopanda kupitia njia ya mkojo. Walipopima kwa CT baada ya miezi 3, waliosafishika walikuwa asilimia 35 kwa mawimbi na 50 kwa kamera. Wagonjwa walikuwa wachache, kwa hiyo tofauti hiyo haikutosha kusema nani kashinda. Jambo moja lilijitokeza wazi: walipoulizwa kama wangerudia matibabu yaleyale, asilimia 90 ya waliopata mawimbi walisema ndiyo, na 63 tu ya waliopata kamera. Utafiti unaohesabu mawe bila kumuuliza mwenye figo umeacha nusu ya habari.

Tena vipande vidogo si vya kupuuzwa kama tulivyozoea kusema. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la kura la wagonjwa 73 waliokuwa wanatolewa jiwe kubwa huku wakiwa na mengine madogo, yasiyozidi milimita 6, yasiyouma. Kundi moja liliondolewa na hayo madogo, jingine likaachiwa. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 4.2. Tatizo la mawe lilirudi kwa asilimia 16 ya walioondolewa na asilimia 63 ya walioachiwa. Wagonjwa 73 tu, lakini wamegawanywa kwa kura, wamefuatiliwa miaka, na swali ni moja. Utafiti mdogo wa namna hiyo una thamani kuliko maelfu ya mafaili yaliyojumlishwa bila mpango.

Idadi ya safari pia hupotea ndani ya asilimia. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021, la mawe ya kwenye mrija, liliwaanzishia wagonjwa wengine mawimbi, wengine kamera. Waliohitaji kurudi kutibiwa zaidi walikuwa karibu 22 katika kila 100 walioanza na mawimbi, na 10 katika kila 100 walioanza na kamera. Hata hivyo mawimbi yalikuwa na gharama ndogo, na watafiti waliona bado yanafaa kuanzia. Kwa mtu anayeishi umbali wa kutembea kutoka hospitali, uamuzi huo una mantiki. Kwa anayepanda basi usiku kucha kutoka Songea hadi Dar es Salaam, akilipa nauli na malazi ya msindikizaji, safari ya pili ni gharama isiyoonekana katika hesabu za namna hiyo. Na asiyerudi kabisa? Kwenye ripoti nyingi za vituo anatoweka, kana kwamba amepona. Naomba kila tunapoandika matokeo yetu tutaje ni wangapi walianza na ni wangapi walionekana mwishoni.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwa waandishi wako ni dogo. Ukija kuandika habari ya njia mpya ya kutoa mawe, muulize msemaji: mawe yalikuwa ya milimita ngapi, yalikaa wapi, yalipimwa kwa kipimo gani na baada ya muda gani, mgonjwa alitibiwa mara ngapi hadi kuitwa mzima, na waliolinganishwa nao walichaguliwaje. Kama majibu hayapo, andika habari bila asilimia. Haitapungukiwa na kitu.

Kwa mgonjwa nina mambo mawili. La kwanza, mkojo uoteshwe maabara kabla ya njia yoyote kati ya hizi, majibu yasubiriwe siku mbili tatu, na kama kuna bakteria watibiwe kwanza. Mwenye jiwe lililoziba huku ana homa na kutetemeka hatakiwi kuvunjiwa jiwe siku hiyo. Anatakiwa kutolewa mkojo wenye usaha haraka, kwa mpira wa mgongoni au stenti, na jiwe litasubiri. Kulivunja wakati huo ni kuumwaga usaha kwenye damu.

La pili ni stenti yenyewe, ule mpira mwembamba uliojikunja ncha zote mbili unaoachwa kati ya figo na kibofu baada ya matibabu. Inasaidia mkojo kupita wakati mrija umevimba. Inaleta haja ya mara kwa mara, kuchoma, na damu kidogo ukitembea sana. Hayo ni ya kawaida na huisha ikitolewa. Tatizo ni kusahauliwa. Mgonjwa akishapata nafuu anarudi nyumbani na hakuna anayemkumbusha, wakati mpira unaendelea kujengewa ganda la mawe, hasa kwenye mikunjo ya ncha. Uliowekwa wiki chache unatolewa kwa dakika chache kwa ganzi ya jeli. Ukipita miezi 6 au mwaka, unaweza kuhitaji mawimbi, leza na tundu la mgongoni kwa pamoja, na wapo waliopoteza figo. Katika karibu kila ripoti ya utafiti mgonjwa huyo ameandikwa kwenye safu ya waliofaulu, kwa sababu jiwe lake la kwanza lilitoka. Kabla hujaondoka wodini uliza kama una stenti, na tarehe ya kuitoa iandikwe kwenye kadi yako pamoja na namba ya simu ya kliniki, kwa kawaida isizidi miezi 3. Kama daktari amekuachia uzi unaoning'inia nje, usiuvute wala kuukata.

Wako,
Daktari wa upasuaji wa mfumo wa mkojo,
Dar es Salaam